Nyumbu wa Pollock

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili moja jioni akaniuliza nimeshinda wapi. Nikamjibu kwamba nilikwenda mjini Washington kuangalia picha ya nyumbu. "Wale wa Serengeti?" akauliza. Yuko darasa la sita, kazaliwa Dodoma, na kwake nyumbu ni mmoja tu: yule mwenye ndevu na pembe, anayejitosa Mto Mara wakati mamba wanamsubiri. Nikamwambia hapana, ni nyumbu yule mwingine, mtoto wa punda dume na farasi jike. Akanyamaza kidogo. Nikamkumbusha Absalomu kwenye Biblia, yule ambaye nyumbu wake alipita chini ya mwaloni, yeye akabaki ananing'inia. "Kumbe ni huyo!" akasema. Miaka yote alikuwa akimwona Absalomu kichwani mwake akiwa juu ya nyumbu wa mbugani, mwenye pembe na ndevu zake.

Kiswahili kimewapa wanyama hao wawili jina moja, na bara hatuna namna ya kuwatenganisha ila kwa kueleza. Pwani utasikia wengine wakimwita wa mzigo baghala, lakini kwetu neno hilo halijafika. Sikumlaumu mtoto. Na kadiri nilivyozidi kuifikiria ile picha, ndivyo nilivyoona kwamba kosa lake lina jambo ndani yake.

Picha yenyewe inaitwa Going West, yaani Kwenda Magharibi. Aliichora Jackson Pollock, mchoraji wa Marekani, kati ya mwaka 1934 na 1935, akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu hivi. Iko kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Marekani ya Smithsonian, katika lile jengo kubwa la zamani la ofisi ya hataza, yaani haki za uvumbuzi, pembeni mwa Mtaa wa 8 na Mtaa wa G. Kiingilio hakuna. Hufunguliwa saa tano na nusu asubuhi, na kwa mtu anayefanya kazi za usiku kama mimi saa hiyo ni nzuri sana: nalala kidogo, napanda treni, nafika wakati kumbi bado kimya.

Ni picha ndogo. Sentimita 38 kwa 53, rangi za mafuta juu ya ubao mwembamba. Ningeweza kuibeba kwapani. Ni usiku, mwezi uko juu. Mwanamume mmoja mwenye kofia anawaswaga nyumbu wanaovuta magari ya mizigo kupita kwenye nchi ya vilima. Wanaelekea kushoto, ambako kwenye ramani ni magharibi. Hakuna mtu mwingine. Rangi ni za giza, hudhurungi na weusi, na mwanga wa manjano uliofifia kama wa kibatari kinachokaribia kuisha mafuta. Na vyote vinazunguka. Vilima vinapinda, mawingu yanapinda kufuata vilima, migongo ya nyumbu inapinda kufuata njia, mpaka unahisi dunia nzima ya picha ile ni maji yanayokorogwa, na yule mtu na wanyama wake wako katikati ya mkorogo.

Nilipita mbele yake mara ya kwanza bila kusoma kibao. Nilisimama kwa sababu ya nyumbu. Niliposoma jina la mchoraji nilirudi nyuma hatua mbili nikaangalia tena, kwa sababu Pollock niliyemjua ni yule wa turubai kubwa zilizojaa michirizi, yule ambaye watu wakisimama mbele ya kazi yake husema hata mtoto wangu angeweza. Nami nimewahi kusema hivyo, kwa nia njema kabisa, nikiamini kwamba mtu anayemwaga rangi sakafuni ameshindwa kuchora.

Hapa inabidi nieleze habari za punda.

Mjomba wangu alikuwa na punda wawili, mmoja mweusi, mmoja wa kijivu mwenye msalaba mweusi mabegani. Kijiji chetu kiko Kondoa, na kiangazi mto ukikauka tulichota maji kwenye visima vya kuchimba mchangani, tukayapeleka kijijini kwa mkokoteni. Madumu kumi na mawili ya lita ishirini. Tulitoka saa tisa za usiku ili jua lisitukute njiani, na mwezi ukiwepo hatukuwasha tochi. Njiani palikuwa na korongo. Kushuka kwake si shida. Kupanda na mzigo ndiko kulikokuwa kazi. Mjomba alikaa mbele ameshika kamba, mimi nilitembea nyuma na jiwe mikononi. Kazi yangu ilikuwa moja: punda wakisimama katikati ya mpando, niliweke jiwe nyuma ya gurudumu kabla mkokoteni haujaanza kurudi.

Kwa hiyo niliwatazama wale wanyama kwa nyuma, usiku, kwa karibu, miaka minne. Punda anayetembea tu huinua kichwa, masikio yakicheza huku na huku. Punda anayevuta kweli hushusha kichwa mpaka karibu na magoti. Masikio yanalala. Kiuno kinashuka, miguu ya nyuma inafunguka, kwato zinatafuta jiwe la kujishikiza. Kamba zinakaza mpaka zinalia, na kuna kitambo kifupi ambapo hakuna kinachosogea, si punda, si gurudumu, ila unajua kwamba nguvu yote iko kazini. Mjomba hakuwapiga hata siku moja. Alipiga mluzi mwembamba, mrefu. Kisha mkokoteni ulisogea kwa kiasi cha kiganja.

Katika kitambo kile, huoni tena punda wawili na mkokoteni. Unaona mstari mmoja uliopinda, kuanzia masikio, kupita mgongoni, kwenye kamba, kwenye mti wa mkokoteni, mpaka kwenye gurudumu ambalo mimi nililikodolea macho na jiwe langu. Ukimuuliza mtoto aliye pale nyuma achore alichokiona, hatachora miguu minane.

Ndivyo alivyochora Pollock. Nyumbu wake si wazuri kwa maana ya picha za vitabuni. Huwezi kuhesabu misuli yao wala kuona macho yao. Kilichochorwa ni ule mkazo unaopita ndani yao, na mchoraji hakuukata pale mwili wa mnyama ulipoishia. Aliuacha uendelee kwenye kilima, kwenye wingu, ukazunguke mwezi na kurudi. Nilisimama pale na mikono yangu ikakumbuka uzito wa lile jiwe.

Pollock alizaliwa Januari 28, 1912 katika mji wa Cody, jimbo la Wyoming, mtoto wa mwisho kati ya wavulana watano. Hakukaa huko hata mwaka mmoja. Baba yake, LeRoy, alihamisha familia hadi Arizona, akalima shamba dogo karibu na Phoenix, kisha wakahamia California, na hapo tena wakawa wa kuhamahama. Shamba moja likishindwa, wanatafuta jingine. Mwishowe baba aliondoka nyumbani kutafuta kazi za barabara na za upimaji ardhi, akawa anatuma fedha. Jackson alipokuwa kijana alikwenda kufanya kazi naye. Mwaka 1927 alikuwa na kikosi cha wapimaji karibu na Grand Canyon. Mtoto wa namna hiyo anaijua nchi kwa kuipita. Sisi tuliolelewa mahali pamoja tunaijua kwa kukaa, na sidhani kama macho yetu yanaona sawa na yake.

Mwaka 1930, akiwa na miaka 18, alimfuata kaka yake Charles hadi New York kusomea uchoraji. Yaani alikwenda mashariki. Hapo ndipo jina la picha linaponigusa: aliyetoka magharibi akaenda mashariki, akakaa katika jiji la maghorofa, akafanya kazi ya usafi kwenye shule moja pamoja na kaka yake mwingine, akachora watu wanaokwenda magharibi. Nami ninayeandika haya naishi ng'ambo, na najua njia zipi hujichora zenyewe kichwani saa nane za usiku.

Baba yake alifariki Machi 1933. Mwana alikuwa New York. Kiangazi cha 1934 yeye na Charles walivuka Marekani kwa gari kuukuu la Ford hadi Los Angeles kumwona mama yao, Stella. Barabarani siku hizo kulikuwa na maelfu ya wakulima waliofilisiwa na ukame na mdororo wa uchumi, wamepakia magodoro na masufuria juu ya vigari, nao wakielekea California. Going West ni ya kati ya mwaka huo na uliofuata. Magari yake yanavutwa na nyumbu, kama ya enzi za mababu, lakini mimi siwezi kuitazama bila kumfikiria yule baba aliyezoea kwenda peke yake kwenye kazi za barabara. Hilo ni langu mimi, msomaji asilazimike kulichukua.

Mwalimu wake New York alikuwa Thomas Hart Benton, mzaliwa wa Missouri, mchoraji wa mashamba, wakulima, treni na mito ya Marekani ya ndani. Benton hakuipenda sanaa dhahania, ile isiyoonyesha mtu wala kitu kinachotambulika, iliyokuwa ikitoka Ulaya, alitaka Wamarekani wachore maisha yao wenyewe. Mafundisho yake darasani, hata hivyo, yalikuwa na kitu cha ajabu. Aliwaambia wanafunzi wachukue picha za wachoraji mabingwa wa zamani wa Italia, waondoe watu na nguo na nyuso, wabakize mwendo tu: wapi panabonyea, wapi panavimba, mkunjo upi unajibu mkunjo upi. Alichora nguzo za kuwaziwa zilizosimama wima ndani ya picha, halafu akaonyesha jinsi maumbo yanavyozizunguka kama mti unavyozungukwa na mtambaazi. Aliyaandika hayo katika mfululizo wa makala mwaka 1926 na 1927. Mtu aliyechukia sanaa dhahania alikuwa kila wiki akimfundisha Pollock kuivua picha wanyama na watu wake na kuona kilichobaki.

Pollock alikuwa kama mtoto wa nyumbani kwa akina Benton. Alimwangalia mwana wao mdogo, akala mezani kwao. Mwaka 1935 Benton aliondoka New York kwenda Kansas City. Miaka tisa baadaye, alipohojiwa na jarida moja, Pollock alisema kwamba kusoma kwa Benton kulimfaa kwa sababu alipata kitu kigumu cha kupingana nacho. Katika mahojiano hayohayo alisema bingwa mmoja tu wa Marekani ndiye anayemvutia, Albert Pinkham Ryder, yule mchoraji wa bahari za usiku na mwezi. Ukiutazama mwanga wa Going West utamwona humo. Akasema pia kwamba anaibeba moyoni ile nchi ya magharibi na upana wake uliolala, na kwamba huku mashariki ni Bahari ya Atlantiki tu inayompa hisia hiyo.

Sasa kosa la mpwa wangu.

Mwaka 1943 Peggy Guggenheim, tajiri mpenda sanaa, alimpa Pollock mkataba wa dola 150 kwa mwezi na kumwagiza picha ya ukutani kwa ajili ya nyumba yake New York. Picha hiyo inaitwa Mural. Ina urefu wa mita sita na kimo cha karibu mita mbili na nusu. Ilibidi ukuta wa ndani uvunjwe kwenye chumba cha Pollock ili turubai lipate nafasi. Ukiitazama utaona maumbo meusi yaliyosimama, yakifuatana, yakipinda, na katikati yake manjano, waridi, kijani cha maji. Hakuna mnyama hata mmoja unayeweza kumtaja jina. Lakini inasimuliwa kwamba Pollock alimweleza rafiki yake kuwa alichokiona wakati ule ni mkurupuko wa wanyama wote wa magharibi ya Marekani, ng'ombe, farasi, swala na nyati, wote wakitimka kwa pamoja kukatiza turubai.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu ndani ya treni kwa furaha. Mtoto wa Dodoma aliambiwa kuna picha ya nyumbu, akaona maelfu ya wanyama wanatimka kuvuka mto. Na mchoraji mwenyewe, miaka minane baada ya nyumbu wake wachache wa mzigo, alikuwa amefika hukohuko. Wanyama waliofungwa kamba wakawa wanyama waliokatika kamba. Ule mwendo uliokuwa unazunguka njia moja usiku sasa umejaza ukuta mzima. Guggenheim baadaye aliitoa picha hiyo kwa Chuo Kikuu cha Iowa, na Iowa, katika mji mdogo wa Tingley, ndiko walikotoka LeRoy na Stella. Watoto wao walitawanyika kila upande, na kazi kubwa ya mwana wao wa mwisho ikarudi kukaa kwenye jimbo la wazazi.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nitayapita haraka. Oktoba 1945 alimwoa mchoraji Lee Krasner, wakahamia Springs, kijiji cha Long Island, kwenye nyumba ya shamba yenye banda. Banda likawa karakana. Alitandaza turubai sakafuni, akachukua rangi za kupakia nyumba, akazidondosha na kuzirusha kwa vijiti na brashi zilizokauka, akizunguka pande zote. Mwaka 1947 aliandika kwamba sakafuni anajisikia yuko karibu zaidi na picha, kwa sababu anaweza kuizunguka na kuwa ndani yake, kama wachoraji wa mchangani wa wenyeji asilia wa magharibi. Autumn Rhythm ya mwaka 1950, iliyoko Makumbusho ya Metropolitan jijini New York, ina upana wa zaidi ya mita tano. Alikufa kwa ajali ya gari Agosti 11, 1956, umri miaka 44.

Jambo moja sitaki kulipita. Mwaka 1952 alichora Blue Poles, turubai la michirizi ambalo juu yake zimesimama nguzo nane za buluu iliyokolea, zimeinama kila moja kivyake. Ni zile nguzo za Benton, zimetoka mafichoni. Mwaka 1973 serikali ya Australia iliinunua kwa dola zao milioni 1.3, na magazeti ya huko yakawaka moto. Mwaka huohuo wa 1973, mzee Benton, mwenye umri wa miaka 84, aliitoa Going West kwa Smithsonian, zawadi. Mwanafunzi aliyempinga hadharani alikuwa amekufa miaka 17. Mwalimu alikuwa nayo ile picha ya nyumbu, akaona iende mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia bila kulipa. Mlinzi wa usiku, mpishi, mtu kama mimi.

Nilipiga picha kwa simu nikamtumia mjomba. Ana miaka zaidi ya sabini sasa, punda hafugi tena, lakini mambo ya mzigo ndiyo elimu yake. Kesho yake nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimeiona picha yako." Akakohoa. "Hao ni nyumbu kweli, wale wa mzigo?"

"Nyumbu, mjomba."

"Nyumbu ana nguvu kuliko punda, ila nimewaona kwa wazungu tu. Sasa huyo bwana anasafiri usiku kwa sababu ya jua, siyo? Na njia hiyo haina tambarare." Akakaa kimya kidogo. "Aliyechora hii amewahi kukaa nyuma ya mnyama. Mtu wa mjini angechora uso."

Nikamwambia kwamba mtu huyohuyo baadaye aliacha kuchora wanyama kabisa, akawa anamwaga rangi chini. Akasema nitumie hiyo nayo niione. Nikamtumia Autumn Rhythm, kisha nikajuta, maana kwenye kioo cha simu kitu cha mita tano kinakuwa kama uzi uliofumuka.

Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu, nikiwa natoka kazini alfajiri, nikakuta ujumbe wa sauti. Nyuma yake jogoo anawika na mtu anapiga kuni.

"Mjomba, hii ya pili kueleza siwezi. Lakini nimeizungusha simu pande zote nne. Kila upande inakwenda."